Mtulinga Uliovunjika: Slingi, Bandeji ya Nane au Upasuaji?

Mtu aliyeanguka na kutua kwa bega mara nyingi hujua kilichovunjika kabla hata ya kupigwa picha. Anaushika mkono wa upande ulioumia kwa mkono wake wa pili, kiwiko amekibana ubavuni, na kichwa amekiinamisha kidogo kuelekea upande ule ule unaouma. Akipapasa chini ya shingo anakuta uvimbe, na pengine ncha ya mfupa inayosukuma ngozi kutoka ndani. Huo ni mtulinga, mfupa mwembamba uliopinda mfano wa herufi S, unaoanzia kwenye kidari na kuishia begani, na ambao peke yake ndio unaouunganisha mkono na kiwiliwili kwa njia ya mfupa.

Wengi wa majeruhi hawa huambiwa kwamba hawatapasuliwa. Hupewa slingi, yaani kitambaa cha kuning'inizia mkono, na dawa za maumivu, kisha hurudi nyumbani na picha ya eksirei inayoonyesha vipande viwili vya mfupa vilivyopishana, wakakesha wakijiuliza kama wametibiwa au wameachwa tu. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili yao na kwa ajili ya wanaowauguza. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue ninakoelekea: kwa mtu mzima aliyevunjika katikati ya mtulinga bila ngozi kuchanika, slingi ya kawaida ndiyo tiba ya kuanzia, bandeji ya nane haijaonyesha kuishinda, na upasuaji una nafasi yake halali, ila nafasi hiyo ni nyembamba kuliko picha ya eksirei inavyomfanya mtu adhani.

Mahali palipovunjika

Katika kila mitulinga 10 inayovunjika kwa watu wazima, takriban 8 huvunjikia katikati, pale ambapo mfupa ni mwembamba na haukushikwa na kano imara kama zile zilizopo kwenye ncha zake mbili. Mingi ya inayobaki huvunjikia upande wa nje, karibu na ncha ya bega, na michache sana, kama 2 au 3 katika 100, huvunjikia upande wa ndani karibu na kidari. Mengi ya nitakayosema yanahusu kundi hilo la kwanza, kwa kuwa ndilo kubwa na ndilo ambalo uchaguzi wa tiba unabishaniwa zaidi.

Mfupa ukikatikia katikati, nguvu tatu huuvuta kwa wakati mmoja. Msuli mrefu wa shingo, ule unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kidarini, hukipandisha kipande cha ndani. Uzito wa mkono hukishusha kipande cha nje. Na misuli ya kifua hulivuta bega kuelekea katikati ya mwili, hivyo vipande hupishana na mtulinga hufupika. Nguvu hizo hazilali, na ndiyo maana kuuvuta mfupa kwa mikono ili urudi mahali pake hakuleti faida ya kudumu: hurudi kwa muda mfupi, kisha misuli huvipishanisha vipande tena. Wala hakuna plasta ngumu inayoweza kulituliza bega kama inavyoutuliza mguu au kigasha. Kazi inayobaki kwa tiba isiyo ya upasuaji ni kuubeba uzito wa mkono na kulipa bega utulivu, wakati mfupa wenyewe unajiunga katika nafasi uliyojikuta nayo. Atakayelielewa hilo hatashangaa kwa nini baada ya wiki mbili picha bado inaonyesha vipande vimepishana. Hakuna aliyeahidi kuvinyoosha.

Slingi na bandeji ya nane

Slingi ni kitambaa au mfuko wa kitambaa unaopita shingoni au begani na kuubeba mkono kuanzia kwenye kiwiko hadi kiganjani. Bandeji ya nane ni mkanda unaozunguka mbele ya bega moja, ukapita chini ya kwapa, ukakatisha mgongoni na kulizunguka bega la pili, hivi kwamba ukitazamwa kutoka nyuma unachora namba 8 iliyolala. Inayavuta mabega yote mawili nyuma, kwa matumaini kwamba mtulinga uliofupika utarefuka.

Matumaini hayo ni ya kale kweli kweli. Hati ya tiba ya Misri ya kale inayojulikana kwa jina la Edwin Smith, iliyonakiliwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, tayari inaelekeza kwamba aliyevunjika mtulinga alazwe chali na kuwekewa kitu kilichokunjwa katikati ya mabega ili yatanuke na mfupa urudi. Wazo linavutia kwa sababu ukilijaribu unauona mfupa ukinyooka mbele ya macho. Tatizo ni saa zinazofuata. Bandeji inakaza juu ya nyama laini, nyama inakubali na kunywea, mkanda unalegea, na mtulinga unarudi ulikokuwa.

Mwaka 1987 madaktari wa Denmark walichapisha jaribio lililozilinganisha njia hizi mbili kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Mfupa uliunga sawa, bega lilifanya kazi sawa, na hata umbo lililobaki halikutofautiana. Kilichotofautiana ni kwamba waliovaa slingi walikuwa na usumbufu mdogo na matatizo machache yaliyosababishwa na tiba yenyewe. Jaribio jingine, lililofanywa Uturuki na kuchapishwa mwaka 2015, lilikuta kwamba maumivu ya siku ya kwanza yalikuwa makali zaidi kwa waliofungwa nane. Majaribio haya si makubwa, na anayedai kwamba yamefunga mjadala anazidisha. Lakini njia mbili zinapofikisha mahali pamoja, na mojawapo inamuumiza msafiri zaidi njiani, sioni sababu ya kuichagua hiyo.

Usumbufu wenyewe unastahili kuelezwa, kwa kuwa kwenye karatasi unasomeka kama neno dogo. Mkanda wa nane unapita kwapani, mahali penye jasho na ngozi laini, na pia mahali ambapo mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu ya mkono mzima hupita karibu na ngozi. Ukilegea haufanyi kazi. Ukikazwa, vidole huanza kuchonyota, mkono huvimba, na kucha hubadilika rangi. Kwa sababu hulegea kila siku, lazima awepo mtu wa kuukaza asubuhi, na mtu huyo hana kipimo ila uso wa mgonjwa. Ngozi ya kwapa huchubuka ndani ya siku chache isipowekewa pamba au kitambaa laini. Faida yake ya kweli ni moja: mikono yote miwili hubaki huru kwa kazi nyepesi za mezani. Kwa mtu ambaye hilo lina uzito mkubwa, na ana msaidizi mwangalifu nyumbani, siwezi kusema amekosea akiichagua, mradi aache mara moja mkono ukianza kufa ganzi.

Slingi nayo ina masharti yake, na mengi ya malalamiko dhidi yake hutokana na kufungwa vibaya. Kiwiko kinapaswa kukaa ndani kabisa ya pembe ya kitambaa, kikiwa kimekunjwa kiasi cha pembe mraba, na kiganja kiwe juu kidogo ya kiwiko ili mkono usivimbe. Kitambaa kifike hadi mwanzo wa vidole; kikiishia kabla ya kifundo, kiganja huning'inia na mishipa yake huchoka. Fundo lisikae juu ya uti wa shingo wala juu ya mtulinga uliovunjika; lihamishiwe pembeni, upande mzima, na chini yake iwekwe pedi. Njia rahisi ya kujua kama slingi inafanya kazi ni kumtazama mgonjwa usoni wakati inakazwa: kiwiko kinapobebwa kwa kimo kinachofaa, bega hushuka kutoka masikioni na pumzi humtoka. Asipopata nafuu yoyote, kitambaa ni kirefu mno.

Kuna pia kile kitanzi chembamba kinachokamata kifundo cha mkono tu na kuning'inia shingoni. Kwa mtulinga sikipendekezi, kwa kuwa kiwiko hubaki bila kubebwa na uzito wake huendelea kukivuta chini kipande cha nje.

Slingi na bamba la chuma

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu. Kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba mtulinga huungana wenyewe karibu kila mara, na imani hiyo iliegemea zaidi kwenye ripoti ya Charles Neer wa Marekani ya mwaka 1960, ambayo ilihesabu mitulinga 3 tu isiyoungana kati ya 2,235 iliyotibiwa bila upasuaji. Tarakimu hiyo iliwatuliza watu kupita kiasi. Ilichanganya watoto na watu wazima, mifupa iliyopasuka kidogo na ile iliyohama kabisa, na mtoto huunga mtulinga karibu bila kujali unavyotibiwa.

Majaribio ya baadaye yalipochukua watu wazima peke yao, na wale tu ambao vipande vyao vilikuwa vimehama kabisa, sura ilibadilika. Lile la Kanada la mwaka 2007 lilifuatilia wagonjwa kwa mwaka mmoja na kukuta mitulinga 7 isiyoungana kati ya watu 49 waliovaa slingi, dhidi ya 2 kati ya 62 waliowekewa bamba la chuma na skrubu. Kuungana kwenye picha kulichukua wastani wa wiki 28.4 kwa kundi la slingi na wiki 16.4 kwa waliopasuliwa. Lile la Scotland la mwaka 2013, lililoandikisha watu 200, lilikuta mifupa isiyoungana 16 upande wa slingi na 1 upande wa upasuaji.

Msomaji akiishia hapo ataomba kisu leo hii, lakini tarakimu hizo zina upande wa pili. Katika jaribio hilo hilo la Scotland, walipowaondoa kwenye hesabu wale ambao mfupa haukuungana, hali ya bega haikutofautiana kwa maana yoyote kati ya makundi mawili. Yaani faida ya bamba iko karibu yote katika kuwaokoa wale wachache ambao mfupa ungekataa kuunga. Waliobaki, ambao ndio wengi, wangefika mahali pale pale wakiwa na slingi. Ukipiga hesabu kwa matokeo ya Kanada, takriban watu 9 hupasuliwa ili mmoja wao aepuke mtulinga usioungana. Wanane waliobaki nao wamelipia: kovu, hatari ya kidonda kuingiwa na vijidudu, ganzi ya ngozi chini ya kovu kwa sababu mishipa midogo ya fahamu hupita pale pale panapochanwa, na chuma ambacho kinahisika chini ya ngozi nyembamba kila mkanda wa begi unapopita. Baadhi hurudi tena kwenye nusukaputi ili kukitoa.

Upo ukweli mwingine ambao kwangu una uzito kuliko tarakimu zote. Aliyeanza na slingi hajafunga mlango wa upasuaji. Mfupa usipoungana, na ukawa unauma au kumzuia mtu, unaweza kuwekewa bamba miezi kadhaa baadaye, mara nyingi pamoja na kipande cha mfupa kilichochukuliwa kwingine mwilini, na wengi hupona vizuri. Ni kweli kwamba upasuaji huo wa baadaye ni mkubwa zaidi kuliko ule wa wiki ya kwanza au ya pili, na kwamba miezi iliyopita katika kusubiri hairudi. Hata hivyo, aliyeanza na kisu hawezi kukirudisha.

Kwa hiyo ni nani anayepaswa kuufikiria upasuaji kwa uzito tangu mwanzo? Yule ambaye picha yake inaonyesha mtulinga uliofupika kwa sentimita 2 au zaidi, au uliopasuka vipande vingi huku kimoja kimelala mkingamo, na ambaye maisha yake yanategemea nguvu ya mkono juu ya kichwa au kurudi kazini mapema. Mvutaji wa sigara yumo katika hatari kubwa zaidi ya mfupa kutoungana, lakini pia ana kidonda kinachopona polepole, hivyo ushauri ulio bora kwake, kwa tiba yoyote atakayoichagua, ni kuacha kuvuta mpaka mfupa uunge. Kwa waliovunjika upande wa nje wa mtulinga, vipande vikiwa vimehama, uwezekano wa kutoungana ni mkubwa kuliko wa katikati. Lakini kwa wazee wasio na kazi nzito, mfupa wa namna hiyo mara nyingi hubaki haujaungana bila kuwasumbua, na slingi huwa chaguo la busara.

Wasiofaa kusubiri

Yapo mazingira ambamo ulinganisho huu wote haufai kusomwa, na mtu anapaswa kwenda hospitali mara moja. Ngozi ikiwa imechanika juu ya mfupa, au imevutwa na ncha ya mfupa mpaka ikapauka na kung'aa. Kiganja kikiwa baridi, kimekufa ganzi au vidole havitii. Pumzi ikiwa fupi au kifua kikichoma kila anapovuta hewa, kwa kuwa ncha ya pafu iko nyuma tu ya mtulinga. Au mtu akishindwa kumeza au kupumua vizuri baada ya kuumia upande wa karibu na kidari, ambako mfupa ukizama nyuma hukutana na mishipa mikubwa ya damu na koo la hewa. Katika hali hizo slingi ni ya kumsaidia njiani tu.

Watoto

Kwa watoto maneno ni machache. Mtulinga ni miongoni mwa mifupa inayovunjika sana utotoni, na pia ndio unaovunjika mara nyingi zaidi wakati wa kuzaliwa. Mtoto mchanga huhitaji tu mkono wake utulizwe, kwa mfano kwa kuifunga mikono ya nguo yake kifuani kwa pini salama na kumnyanyua bila kumvuta kwapani, na kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi huanza kuuchezesha mwenyewe. Mtoto mkubwa huvaa slingi kwa wiki 2 hadi 4. Kinundu hujitokeza pale mfupa ulipoungana na huwatisha wazazi, lakini mtoto anavyokua mfupa hujichonga upya na kinundu hupungua kwa miezi mingi inayofuata. Upasuaji kwa mtoto mdogo ni jambo la nadra.

Miezi mitatu ya anayebaki na slingi

Usiku wa kwanza ndio mbaya kuliko yote. Kulala chali kabisa kunauma, kulala ubavu hakuwezekani, na wengi hugundua wenyewe kwamba wanapata usingizi wakiwa nusu wameketi, mito miwili au mitatu mgongoni na mmoja mdogo chini ya kiwiko cha upande ulioumia ili bega lisirudi nyuma. Kipande cha barafu kilichofungwa kwenye kitambaa, kwa dakika 15 hadi 20 kila mara, husaidia siku mbili tatu za mwanzo. Kuoga kunawezekana: mtu anainama mbele taratibu, anauachia mkono uning'inie wenyewe bila kuunyanyua, na kwapa linafikika na kuoshwa.

Vidole, kifundo na kiwiko visilale hata siku moja. Mara kadhaa kwa siku mkono utolewe kwenye slingi, kiwiko kinyooshwe na kukunjwa, ngumi ifumbwe na kufumbuliwa, kwa sababu kiwiko kilichokaa wiki nne bila kunyooshwa huleta taabu ya pili ambayo haikuwa ya lazima. Maumivu yakianza kutulia, kwa wengi kati ya wiki ya 2 na ya 3, mgonjwa huinama na kuuacha mkono ubembee kama pendulamu, duara dogo kisha kubwa. Mkono usipandishwe juu ya kimo cha bega kabla ya wiki ya 6 hivi, wala usibebe mzigo. Slingi yenyewe huachwa kidogo kidogo, nyumbani kwanza na kwenye msongamano wa watu mwishoni, na kwa watu wazima wengi inakuwa imewekwa kando kati ya wiki ya 3 na ya 6. Michezo ya kugongana na kazi ya kunyanyua mizigo mizito husubiri hadi miezi 3, na daktari awe ameridhika kwamba mfupa umeshika.

Picha mbili za marudio zina maana ya pekee. Ya kwanza ni ya wiki ya 1 au ya 2, kwa sababu mtulinga unaweza kuendelea kufupika baada ya siku ya ajali, na huo bado ni wakati mzuri wa kubadili uamuzi bila upasuaji kuwa mgumu. Ya pili ni ya karibu wiki ya 6. Kwenye picha hiyo pengo linaweza kuonekana bado, na peke yake halimaanishi kushindwa. Kinachotakiwa ni kumweleza daktari vitu viwili waziwazi, yaani kama maumivu yanapungua wiki hadi wiki, na kama ukiubonyeza mfupa bado unausikia ukisogea au ukikwaruzana. Mfupa usiosogea na unaouma kidogo kuliko mwezi uliopita kwa kawaida uko njiani kuungana hata kama picha inachelewa kuonyesha. Mfupa unaosogea, wenye maumivu yale yale ya wiki ya 2, unastahili kufuatiliwa kwa karibu na kuzungumziwa upya.

Na kinundu, kwa mtu mzima, kitabaki. Bega linaweza pia kuonekana fupi kidogo likitazamwa kwenye kioo, hasa mtu akiwa hana shati. Ni haki ya mgonjwa kuambiwa hivyo siku ya kwanza, kabla hajachagua, kwa kuwa wako ambao hawatajali kabisa na wako ambao kwao jambo hilo ni zito. Na anayelibadilisha kwa upasuaji ajue kwamba mahali pa kinundu atabaki na kovu, na pengine chuma chini yake.